Pesa Imefika, Chaja Haina Habari: Uchambuzi wa Kisa cha Malipo ya Kuchaji Gari la Umeme, Malindi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Malindi alasiri moja ya msimu wa kaskazi, wakati hoteli zimejaa na madereva wa kubeba wageni hawapati siku ya kupumzika. Majina ya dereva, ya hoteli na ya kampuni inayomiliki chaja yameondolewa, pamoja na maelezo mengine ambayo yangemfanya mwenyeji amtambue mhusika, kwani Malindi ni mji ambao gari la umeme bado hujulikana kwa rangi yake na kwa anayeliendesha. Viwango vya pesa na saa vimeachwa kama vilivyokuwa, maana bila hivyo kisa hakisomeki. Mimi niliingia siku ya tatu, dereva aliponiomba nimsaidie kuandika malalamiko mapya baada ya yale ya kwanza kukataliwa. Yaliyotangulia nimeyapata katika ujumbe uliobaki kwenye simu yake, katika daftari la lango la hoteli, na kwa kuwasikiliza waliokuwepo.

Saa zote zilizotajwa hapa ni za Kiswahili, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo. Msomaji ataona baadaye kwa nini nimelazimika kulisema hili mapema.

Mandharinyuma

Dereva ana gari dogo la umeme lililotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa Kenya. Betri yake ilipokuwa mpya ilibeba kilowati saa 40, lakini yeye huihesabu kuwa 36, kwa kuwa betri iliyokwisha kutumika miaka kadhaa hairudi ujana. Kazi yake ya kawaida ni safari fupi za uwanja wa ndege, Watamu na Gede, na usiku huchaji nyumbani kwa soketi ya ukutani. Siku hiyo alikuwa amepata kazi kubwa kuliko kawaida: kumpeleka bibi mmoja na wajukuu wake wawili hadi kituo cha treni cha Miritini, Mombasa, wakapande treni ya saa 4 usiku ya kwenda Nairobi. Nauli waliyokubaliana ilikuwa shilingi 8,500.

Kutoka Malindi hadi Miritini ni kama kilomita 130. Kwa mwendo wake, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, gari hilo hula takriban kilowati saa 16 kwa kila kilomita 100. Kwa hiyo safari ilihitaji kilowati saa 21 hivi, ambazo madereva huziita yuniti, kabla ya kuongeza akiba ya foleni za Mtwapa. Asubuhi alikuwa ameshafanya safari tatu za mjini, na betri ilikuwa imebaki na asilimia 28, yaani yuniti 10.

Chaja yenyewe iko katika maegesho ya hoteli, ina nguvu ya kilowati 30, na ni ya kampuni ambayo makao yake yako mbali na Pwani. Hoteli imetoa nafasi na umeme tu, haina mkono katika malipo. Anayetaka kuchaji hana budi kupakua programu ya kampuni, kujisajili, kuweka pesa katika akaunti iliyomo ndani ya programu hiyo, na kuwa na salio lisilopungua shilingi 500 kabla chaja haijakubali kuanza. Bei ilikuwa shilingi 45 kwa yuniti. Kibandiko kilichobandikwa kwenye chaja kilitaja pia ada ya shilingi 5 kwa dakika kwa gari litakaloendelea kukaa na kebo baada ya kumaliza kuchaji, sharti ambalo halina ubaya wowote mahali penye chaja moja na magari yanayosubiri.

Yaliyotokea

Dereva alifika saa 9:40 alasiri akachomeka kebo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: apate yuniti 20, zichukue dakika 40 au zaidi kidogo, na saa 11:30 jioni wawe njiani. Alipofungua programu alikuta salio la shilingi 310 lililobaki mara ya mwisho alipochaji. Halikutosha kuanza, akaomba kuongeza shilingi 700. Ombi la PIN lilikuja kwenye simu, akaingiza, na saa 9:52 akapokea ujumbe wa M-Pesa kwamba shilingi 700 zimekwenda kwa kampuni.

Programu haikubadilika. Salio lilibaki 310, na baada ya muda mfupi kikatokea kisanduku chekundu kikisema malipo hayakufaulu, jaribu tena. Alijaribu tena. Saa 9:55 ujumbe wa pili wa M-Pesa ukaingia, shilingi 700 nyingine zikaenda, na salio katika programu likabaki 310.

Hapo alimwendea mlinzi wa lango, mzee aliyekuwa amekwisha kuona wateja kadhaa wakihangaika na mtambo huo. Dereva alimwuliza kama kuna mtu wa kampuni aliye karibu. Mzee alimjibu, kwa maneno ambayo dereva aliyakumbuka vizuri: "Mwanangu, mimi nimewekwa nilinde magari. Huo mtambo una wenyewe, nao hawakai hapa." Akaongeza kwamba wengine huchomoa kebo, wakangoja kidogo, wakaanza upya. Dereva alichomoa, akangoja, akachomeka. Kwa kuwa chaja ilikuwa haijaanza kamwe, kuchomoa hakukuwa na la kusaidia, ila dakika sita zilipotea.

Saa 10:08 alipiga nambari ya huduma kwa wateja iliyo kwenye kibandiko. Alisubiri kwa muda wa maongezi wake mwenyewe hadi mhudumu alipopokea, akamsomea misimbo miwili ya miamala. Mhudumu alikuwa mwenye adabu na alijua kazi yake. Alisema, "Pesa yako naiona imefika kwetu, lakini siwezi kuisogeza kuingia kwenye akaunti yako, hiyo ni ya idara ya fedha, nao watafungua kesho asubuhi." Dereva akamwomba basi aiwashe chaja kutoka huko aliko, mambo ya pesa yafuate. Mhudumu alikiri kwamba kitufe cha kuwasha anacho, lakini mfumo hauruhusu ikiwa salio la mteja halijafika 500.

Maamuzi, na sababu zake

Kwa wakati huo dereva alikuwa na njia tano. Ya kwanza ilikuwa kutuma shilingi 200 zaidi ili 310 zifike 510. Aliikataa bila kusita, kwa sababu iliyo wazi: aliyekwisha kutuma mara mbili bila kuona kitu hana sababu ya kuamini kwamba ya tatu itaonekana. Ya pili ilikuwa kuomba hoteli soketi ya kawaida. Hiyo haitoi hata yuniti tatu kwa saa, na alikuwa na muda wa saa moja na robo. Ya tatu ilikuwa kuondoka na yuniti 10 akachaji njiani, lakini chaja ya njiani aliyoifahamu ilikuwa ya kampuni ileile na salio ni lilelile. Ya nne ilikuwa kutumia akaunti ya mtu mwingine. Ya tano ilikuwa kumwachia mwenzake safari.

Alichagua ya nne. Alimpigia dereva mwenziwe aliyekuwa Watamu, ambaye alikuwa na salio la kutosha katika programu ileile, na huyo akakichagua kituo cha Malindi kwenye orodha na kuiwasha chaja akiwa umbali wa kilomita ishirini na kitu. Saa 10:31 umeme ukaanza kuingia. Ninapenda msomaji aliangalie jambo hili kwa utulivu: mtu asiye na cheo chochote katika kampuni, aliye mji mwingine, aliiwasha chaja kwa sekunde chache, ilhali mhudumu wa kampuni alishindwa.

Saa 10:49 stima ikakatika mtaa mzima. Jenereta ya hoteli iliwaka kwa taa na friji, lakini chaja haikuunganishwa nayo, na hilo ni sawa, kwani hakuna hoteli itakayochoma dizeli kulisha gari la mpita njia. Dakika 18 zilikuwa zimempa dereva yuniti 9. Jumla alikuwa na 19, na safari ilitaka 21.

Saa 11:00 kamili alimpigia dereva wa tatu, mwenye gari la petroli, akamkabidhi abiria na nauli yote. Aliniambia kwamba alifikiria kusubiri hadi 11:30 huenda stima ikarudi, kisha akajiuliza angemwambia nini yule bibi kama wangekwama njiani kiza kikiingia. Abiria waliiwahi treni. Stima ilirudi saa 12:25 jioni.

Matokeo ya siku zilizofuata

Jioni hiyo yule mwenziwe wa Watamu alipiga simu. Akaunti yake ilikuwa imekatwa shilingi 885. Kati ya hizo, 405 zilikuwa za yuniti 9. Shilingi 480 zilizobaki zilikuwa ada ya kukaa na kebo kwa dakika 96, kutoka saa 10:49 hadi 12:25, yaani muda wote ambao chaja ilikuwa gizani. Kilichotokea ni kwamba stima ilipokatika chaja haikuweza kuiarifu seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, kuwa kazi imekwisha. Ilipopata uhai tena ikatoa taarifa ya mwisho, na mfumo ukahesabu kipindi cha katikati kama gari lililomaliza kuchaji likang'ang'ania nafasi. Dereva alimtumia mwenziwe 885 zote usiku uleule, kwa kuwa deni la rafiki halingoji idara ya fedha.

Asubuhi yake aliandika malalamiko kwa Kiswahili, akisema kwamba alilipa mara mbili, saa 9:52 na saa 9:55. Jibu lilikuja siku ya pili: uchunguzi umefanyika, na hakuna malipo yoyote yaliyopokelewa kutoka nambari yake saa hizo. Waliangalia saa tatu na dakika hamsini na mbili asubuhi.

Hapo ndipo nilipoitwa. Tulipoziweka karatasi pamoja tukakuta tukio moja limeandikwa kwa saa za aina tatu. Kwa dereva lilikuwa saa 9:52. Kwa ujumbe wa M-Pesa lilikuwa 3:52 PM. Na katika rekodi za programu, ambazo seva yake inafuata saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu, lilikuwa 12:52. Pesa zilipokuja kuonekana baadaye katika programu zikiwa na saa hiyo ya 12:52, dereva aliisoma kama saa kumi na mbili jioni, akadhani kwa dakika kadhaa kwamba kuna mtu mwingine aliyeitumia akaunti yake baada ya yeye kuondoka. Nimeshughulikia malalamiko mengi ya miamala ya simu, na sijawahi kuona hoja nzuri ikianguka kwa sababu ndogo kiasi hiki.

Malalamiko ya pili tuliyaandika kwa misimbo ya miamala, tarehe, na saa ya mtindo wa 15:52, tukiambatisha picha ya kisanduku chekundu, ambayo dereva kwa bahati alikuwa ameipiga. Siku ya sita shilingi 1,400 ziliingia katika akaunti ya programu, salio likawa 1,710. Alipoomba zirudishwe kwenye simu aliambiwa kwamba pesa iliyokwisha kuwekwa katika programu hairudishwi, kwa masharti aliyoyakubali alipojisajili.

Ada ya 480 ilichukua siku 11 zaidi kurudishwa. Kampuni ilitaka uthibitisho kwamba stima ilikatika. Uthibitisho ulitoka katika daftari la mzee wa lango, ambaye huandika kila kitu: nambari za magari, saa za kuingia na kutoka, na katikati ya ukurasa huo mstari usemao stima imepotea 10:49, imerudi 12:25. Safari hii tuliandika pembeni ya picha ya daftari kwamba hizo ni saa za Kiswahili.

Nauli ya 8,500 aliyoikosa dereva haikufidiwa na mtu. Tuliijadili. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaokubalika na haki ya kulipwa fidia kwa hasara iliyotokana na huduma mbovu. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Na madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Dereva alihesabu siku ambazo angekosa kazini akaona ayaache madai. Sikumlaumu, ingawa ningependa siku moja mtu asiyaache.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kwamba tatizo lilikuwa mtandao. Sivyo. Malipo yalikwenda mara zote mbili, na kwa haraka. Tukio la kuchaji lina viungo viwili vilivyo mbali: cha kwanza ni taarifa kutoka kwa mtoa huduma ya pesa kwenda kwenye seva ya kampuni ya chaja kwamba fulani amelipa, cha pili ni amri kutoka kwenye seva hiyo kwenda kwenye chaja kwamba mwachie fulani umeme. Kiungo cha pili kilifanya kazi vizuri hadi stima ilipokatika, kama rafiki wa Watamu alivyoonyesha. Kilichokatika ni kile cha kwanza, na kilipokatika hapakuwa na mtu yeyote, pale maegeshoni wala kwenye simu, aliyepewa uwezo wa kukipita. Mzee wa lango aliliona gari. Mhudumu aliiona pesa. Hakuna aliyeruhusiwa kuviunganisha.

Kosa ninalolihesabu kuwa kubwa zaidi ni lile la kisanduku chekundu. Malipo yana hali tatu: yamefika, yameshindikana, au bado haijulikani. Programu hii ilijengwa kuzijua mbili tu, na ilipokuwa haijui ikasema yameshindikana, kisha ikamwagiza mteja alipe tena. Wapo watakaosema dereva alikosa subira kulipa mara ya pili baada ya dakika tatu. Mimi nasema alitii maandishi aliyoyaona. Kama kisanduku kingesema tu kwamba malipo yanathibitishwa, usilipe tena, shilingi 700 zingebaki mfukoni mwake, na pengine angempigia mhudumu dakika kumi mapema.

Kuhusu sharti la kuweka pesa kwanza, haki ni kuutaja upande wa kampuni. Kwa kadi ya benki, mwenye chaja anaweza kuzuia kiasi fulani, gari likachajiwa, kisha akakata kilichotumika na kuachilia kinachobaki. Malipo ya kawaida ya M-Pesa ya kulipia bidhaa hayana hatua hiyo ya kuzuia. Pesa ama imekwenda ama haijakwenda. Kampuni isiyo na mtu kituoni inaogopa mteja atakayechaji na kuondoka, na salio la awali ndilo dawa iliyoiona. Ila dawa hiyo imeuhamisha wasiwasi wote kwa mteja: akiba yake imekaa kwao, hairudi, na yeye ndiye anayethibitisha kila kitu.

Mahali pengine serikali zimeingilia kati. Uingereza, kwa kanuni za 2023, ilizitaka chaja mpya za umma za kilowati 8 au zaidi, na zile za kilowati 50 au zaidi zilizokuwepo, zikubali malipo ya kugusisha kadi bila kujisajili kuanzia tarehe 24 Novemba 2024, na ikataka pawe na simu ya msaada ya bure saa 24. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake nambari 1804 ya 2023 inayotumika tangu tarehe 13 Aprili 2024, unataka mteja aweze kuchaji na kulipa papo hapo bila mkataba wowote na kampuni. Kuinakili kadi hiyo Malindi hakutamsaidia dereva asiye nayo. Kinachostahili kuigwa ni ule uhuru wa kulipa bila kuwa mwanachama, na ile simu inayopokewa na mtu mwenye uwezo.

Mfano wa karibu zaidi tunao majumbani mwetu. Anayenunua umeme wa tokeni hupewa tarakimu 20, akazibonyeza kwenye mita yake, na mita ikazipokea bila kuuliza intaneti. Uthibitisho wa malipo uko mkononi mwa mlipaji. Sioni kwa nini mteja wa chaja asipewe msimbo wa namna hiyo. Au, kwa njia nyepesi zaidi, hoteli iwe na nambari yake ya till ya kupokelea M-Pesa na mfanyakazi mwenye kadi ya kuiwashia chaja, akasoma mita mwisho na kupokea malipo, kama kituo cha mafuta kinavyofanya.

Upande wa dereva, mawili yalimwokoa: kutofuta ujumbe wowote, na kukubali saa 11:00 kwamba kazi imemshinda badala ya kucheza kamari na yuniti 19. Lililomponza lilianza asubuhi, alipofanya safari tatu za mjini akijua ana safari ndefu jioni, akiitegemea chaja moja tu, kwenye mtaa ambao stima hukatika. Siku hizi akiwa na kazi ya Mombasa huchaji usiku nyumbani na gari halitoki asubuhi.

Hoteli imebadilisha jambo moja: mzee wa lango amepewa nambari ya simu ya fundi wa kampuni, imeandikwa nyuma ya daftari lake. Kampuni, kwa kadiri dereva alivyoona alipochaji mara ya mwisho, bado inasema malipo hayakufaulu, jaribu tena. Salio lake limeshuka hadi shilingi 585, sawa na yuniti 13, na amekuwa mwangalifu lisishuke chini ya 500 kabla ya mchajio wa mwisho, kwani likishuka halitaanza kitu bila kuongezwa jingine. Anangoja siku atakayofika pale betri ikiwa chini kiasi cha kuzimeza zote 13 kwa mkupuo mmoja, ili aifute programu hiyo akiwa amesimama palepale kando ya chaja.